Mwalimu Euphrasia na Picha ya Beseni

Wasikilizaji wapendwa, mlioko majumbani, mlioko madukani Katoro, na nyinyi wa machimboni mliotundika redio kwenye mti, karibuni. Mimi ni Mwamvua. Leo tunamkumbuka mwalimu.

Jina lake Euphrasia Lugembe. Wengi wenu mnamjua kama Mama Cornel. Waliosoma kwake walimwita Madamu, na wengine wanamwita hivyo mpaka leo wakiwa na watoto wao mgongoni. Mwalimu Euphrasia amefariki dunia wiki iliyopita hapo Masumbwe, baada ya kusumbuliwa na kisukari kwa muda mrefu, na amezikwa hukohuko. Alikuwa na miaka sitini na miwili.

Kwa anayefungulia redio sasa hivi, narudia. Tunamkumbuka Mwalimu Euphrasia Lugembe, aliyekuwa mkuu wa Shule ya Sekondari Mwalukobe, nje kidogo ya Katoro. Yule mwalimu wa blogu. Kama uliwahi kukaa machimboni kwenye karasha ukasikia mtu anasoma habari za shule kwenye simu, wewe unamjua, hata kama hukumwona kwa macho.

Alizaliwa Shinyanga vijijini, kwenye nyumba ya pamba na ng'ombe. Baba yake alikuwa na mabinti wengi, na enzi zile mabinti wengi ilikuwa na maana ya ng'ombe wengi zaidi. Dada zake waliolewa mmoja baada ya mwingine. Euphrasia yeye alikuwa mtoto wa kuumwaumwa. Siku wageni walipokuja kumtazama walimkuta anakohoa hana nafasi hata ya kuwaamkia, wakainuka taratibu, wakaenda kubisha hodi kwa jirani. Baba yake akaona huyu basi, bora aende shule. Mwenyewe alikuwa akiwasimulia wanafunzi wake bila haya: "Mimi nimesomeshwa na kikohozi." Watoto wanacheka, naye anacheka nao, kisha anawaambia fungueni vitabu.

Akasoma, akawa mwalimu, akaolewa kwa hiari yake na Stanslaus, fundi seremala, mtu mpole ambaye mimi nilipokwenda kuhani alinikaribisha chai kabla sijasema pole. Walipata mtoto mmoja, Cornel. Na baada ya miaka mingi ya chaki, Mwalimu Euphrasia akapewa ukuu wa shule, hapo Mwalukobe.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, nyinyi mnaijua shule ya kwenye ukanda wa dhahabu, sihitaji kuwachorea. Darasa limejaa, lakini kikao cha wazazi kina mabibi wachache na mzee mmoja aliyekuja kwa sababu anaishi jirani. Wazazi wako wapi? Wako kwenye rashi. Kukisikika kwamba dhahabu imetoka mahali, watu wanahama usiku huohuo na sufuria zao. Mwezi huu Mwakitolyo, mwezi ujao Chunya, mwaka ujao hajulikani. Na laini za simu wanabadilisha vilevile. Mwalimu Euphrasia alikuwa akipiga namba ya mzazi, anapokea mtu mwingine kabisa, tena anamtukana.

Alijaribu barua kupitia kwa watoto. Ziliishia kufungia maandazi. Akajaribu kundi la WhatsApp, nalo likawa vilevile: mzazi akibadilisha laini ndiyo kapotea. Siku moja akampigia mwanawe Cornel, wakati huo yuko chuo Mwanza.

Cornel ananiambia hivi: "Mama alisema anataka ubao wa matangazo usiohama. Mzazi ahame anavyotaka, lakini akitaka habari za mwanawe ajue pa kuzikuta. Nikamwambia, mama, hiyo inaitwa blogu. Akaniuliza, hiyo nayo inaliwa na nini?"

Cornel alikuja likizo, akamtengenezea, akamfundisha. Mwalimu Euphrasia alichapa kwa kidole kimoja. Aliandika kama anavyosema. Hakuweka hotuba. Nimeyasoma maandishi yake ya mwanzo, na moja nitawasomea lilivyo:

"Wazazi, shule imefunguliwa. Walimu tumefika wote isipokuwa wa hesabu. Leo maharage yameungua, watoto wamekula ugali na mchicha. Hakuna aliyeumwa. Anayemjua mwalimu wa hesabu asiye na kazi aniambie."

Basi. Hilo ndilo lote. Makamu wake, Mwalimu George, hakulipenda kabisa. Alimfuata ofisini.

"Madamu, maharage yakiungua si mambo ya jikoni hayo? Unayatangaza ya nini?"

"George, watoto watawaambia wazazi wao hata nisipoandika. Nataka wazazi wasikie kwangu kwanza. Siku nikiwaandikia la heri waniamini."

Mwanzoni hakusoma mtu. Maoni ya kwanza kabisa yalitoka kwa jamaa aliyeuliza bei ya mahindi Katoro. Mwalimu Euphrasia, kwa kuwa ni yeye, akamtafutia bei akamjibu. Kumbe jamaa yule ni mzazi! Akaandika tena, akishukuru kwa Kisukuma: "Wabeja sana mwalimu. Sasa niambie, kijana wangu wa kidato cha kwanza anaoga?" Kuanzia hapo mlango ukafunguka.

Wengi wa wazazi hawakuwa na simu za kufungulia blogu, na wengine kusoma kwenyewe kulikuwa hakupo. Wakabuni njia yao. Karasha, ile mashine ya kusaga mawe, ikizimwa ipoe, watu wanakusanyika. Mwenye simu kubwa anakaa katikati, anasoma kwa sauti. Akimaliza wanamwagiza majibu, naye anayaandika yote kwa mkupuo. Ndiyo maana maoni yalikuwa yanakuja namna hii: "Sisi wa Mwakitolyo tumesikia. Baba Eliya anasema mtoto akikorofisha achapwe. Mama Suzana anasema wa kwake asichapwe ana pumu. Wengine wote wanasalimu." Mwalimu Euphrasia alikuwa akisoma hayo na miwani kwenye ncha ya pua, anacheka peke yake. Mumewe anasema hakuwahi kumwona na furaha ya kazi kama mwaka ule.

Sasa tunafika penyewe. Sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo maisha ya mwalimu huyu yalipogeuka.

Mwisho wa mwaka ule kulikuwa na siku ya taaluma. Msichana mmoja wa kidato cha pili aliongoza darasa lake, akawaacha wavulana mbali. Jina lake Melania, binti wa Mwigulu, mchimbaji wa Mwakitolyo. Mama yake alifariki akiwa mdogo. Likizo alikuwa anakwenda kwa baba yake mdogo, Ndaki, mfugaji huko upande wa Masumbwe, na siku za shule alilala bweni.

Shule ilitaka kumpa zawadi. Walimu wakakaa, wakafikiri mtoto wa bweni anahitaji nini. Wakanunua beseni kubwa la kufulia na kitenge cha kujifunga akitoka kuoga. Vitu vya maana kabisa. Melania akaitwa mbele, amejipaka mafuta, nywele zimenyolewa vizuri, sare imepigwa pasi. Wakamtandika kitenge begani, wakamkabidhi beseni, akasimama katikati na walimu wa kike wamemzunguka wanapiga vigelegele. Mwalimu Euphrasia akapiga picha kwa simu yake. Ilikuwa nzuri. Akaiweka kwenye blogu, na chini yake akaandika kwamba huyu ni Melania Mwigulu, kaongoza kidato cha pili, na mwakani anaingia cha tatu.

Wasikilizaji wapendwa, hebu fumbeni macho mwione picha hiyo. Binti amepakwa mafuta. Kitenge begani. Beseni mkononi. Wanawake wazima wamemzunguka na vigelegele. Sasa niambieni nyinyi, watu wa huku, mngesema huyo anakwenda wapi?

Mwalimu Euphrasia hakuliona hilo. Yeye alimwona mwanafunzi.

Shule ilipofunguliwa Januari, Melania alikwenda ofisini kwake asubuhi, vipindi havijaanza. Alisimama mlangoni.

"Shikamoo Madamu."

"Marahaba. Ingia. Mbona huko darasani?"

"Baba mdogo amekuja kunichukua. Yuko getini."

"Kuna msiba?"

"Hapana, Madamu. Anasema ninaolewa. Anasema shule mmeshaniaga."

"Nani kakuaga?"

"Nyinyi. Anasema kwenye simu mmeniaga, kila mtu ameona."

Mwalimu Euphrasia alifungua simu yake akaitafuta ile picha. Melania anakumbuka kwamba aliitazama kwa muda, kisha akaigeuza simu kifudifudi juu ya meza. Alikuwa ameiona kama walivyoiona wengine. Alisema neno moja tu la Kisukuma, "Mayu," yaani mama, kama mtu aliyejikata kisu. Kisha akasimama, akaenda getini.

Pale getini Ndaki alimwamkia kwa heshima zote. Hakuwa mtu wa shari. Alieleza kwamba picha ilizunguka kwenye simu za watu, ikafika kwa mfugaji mmoja mwenye zizi kubwa, mfugaji akatuma wazee, wazee wakamfikia Mwigulu kwa simu, Mwigulu akasema sawa. Ng'ombe walikuwa wamekwishaingia zizini kwa Ndaki. Kilichobaki ni binti. Mwalimu Euphrasia akamwomba subira mpaka Jumamosi, akisema kuna mambo ya shule lazima yakamilishwe kwanza. Ndaki akakubali. Naye alitaka mambo yafuate utaratibu.

Mwalimu George akasema hapa ni polisi tu. Na kweli, wasikilizaji wapendwa, sheria ipo, na mimi ninayewasomea siwaambii muipuuze. Lakini Mwalimu Euphrasia aliwajua watu wake. Alimjibu hivi: "Nikipeleka polisi, Mwigulu atasikia kabla gari halijawashwa. Atahamia rashi nyingine na binti nitampoteza. Atakuwa wapi? Nitampigia namba gani?" Shauri lilikuwa hilo, wala halikuwa jingine. Melania anabaki darasani, au Melania anapotea.

Kesho yake alfajiri Mwalimu Euphrasia alipanda basi. Akapita Ushirombo, akapita Masumbwe, akashuka Kahama, akachukua bodaboda mpaka Mwakitolyo. Aliambiwa duara analochimba Mwigulu liko upande gani. Mnajua duara, lile shimo la wachimbaji linalokwenda chini. Alipolikaribia, wanawake waliokuwa wanaponda mawe wakamzuia.

"Mama, hapo kwenye kamba usivuke. Mwanamke havuki. Dhahabu ikikata watasema ni wewe."

"Mimi ni mwalimu."

"Hata ukiwa askofu. Kaa hapa kwetu, ataitwa."

Akakaa nao juu ya kiroba. Mwigulu akaitwa, akapanda, akatokea na vumbi jeupe mpaka kwenye kope. Alipomwona mwalimu alifurahi. Hilo ndilo lililomuumiza zaidi Mwalimu Euphrasia, alimwambia mumewe baadaye, kwamba yule baba alifurahi.

"Shikamoo mwalimu! Umekuja mwenyewe! Wabeja, wabeja sana. Kazi ya kumtengeneza mmeifanya nyinyi, mimi nimemalizia tu."

"Marahaba, Baba Melania. Kaa tuongee."

"Utakuja kwenye shughuli? Walimu wote mje."

"Baba Melania, Melania hajamaliza shule. Yuko kidato cha tatu. Bado miaka miwili."

Mwigulu akatazama chini. Wenzake walikuwa wameshasogea kwenye kamba kusikiliza.

"Na beseni?"

"La kufulia sare."

"Kitenge?"

"Cha bwenini. Alipewa kwa kuongoza darasa. Mimi nimekosea kumpiga picha vile. Maneno niliyaandika chini yake, hukusomewa?"

"Msomaji wetu alikuwa kwao, mkewe kajifungua. Picha ilipita mkono kwa mkono, maneno hakusoma mtu." Akafuta uso kwa kiganja. "Mwalimu, ng'ombe wameingia zizini. Nikiwatoa nitasema nini? Watasema Mwigulu kapata mwenye zizi kubwa zaidi. Wananzengo, kijiji kizima, watanikatia mguu. Nitazikwa na nani?"

"Utasema shule imekosea."

"Nikisema mimi ni maneno ya mwenye tamaa. Useme wewe. Palepale ulipomwonyesha, mbele ya walewale walioona. Useme kosa ni la shule, Mwigulu hana kosa. Ukisema hivyo, ng'ombe watatoka."

Mwalimu Euphrasia alimtazama. Wanawake wa mawe walikuwa wameacha kuponda. Akainuka, akampa mkono. "Usiogope, Baba Melania. Nitaandika hivyohivyo ulivyosema."

Njia nzima ya kurudi alikuwa anatunga maneno. Mzee Stanslaus ananiambia aliingia nyumbani bila kuvua viatu, akakaa mezani na simu. "Aliandika la kwanza akanisomea," anasema mzee. "Lilisema kumetokea kutoelewana, na baadhi ya wazazi hawakuielewa picha. Nikamwambia hilo zuri. Akasema, zuri kwangu. Akalifuta."

Mwalimu George naye alikuwepo. Alimkumbusha kwamba afisa elimu anaisoma blogu ile, na wakubwa wengine wanaisoma. "Madamu, mkuu wa shule hawezi kuandika kwamba shule imesababisha mwanafunzi kuposwa. Utakuwa umejipalia makaa mwenyewe." Na Mwalimu Euphrasia akamjibu kwamba anajua.

Akaandika. Nawasomea lote, si refu:

"Wazazi. Mwezi uliopita niliweka hapa picha ya mwanafunzi mwenye kitenge na beseni. Zilikuwa zawadi za masomo. Mimi mkuu wa shule nilimsimamisha na kumwonyesha kama anavyoonyeshwa binti anayeagwa, na watu wameamini kwamba shule imemtoa. Shule haijamtoa. Yuko darasani. Waliokuja kumposa hawana kosa. Baba yake hana kosa, alidanganywa na picha yangu. Kosa ni la shule, na shule ni mimi. Naomba radhi kwa familia zote mbili. Picha nimeiondoa. Kuanzia leo sitaweka tena uso wa mtoto hapa. Euphrasia Lugembe, Mkuu wa Shule."

Hakulificha jina lake. La Mwigulu hakulitaja.

Lilisomwa Mwakitolyo. Lilisomwa Katoro, Nyarugusu, Masumbwe, kila palipokuwa na karasha na mwenye simu. Wazee wa yule mfugaji walisomewa mara mbili. Walikasirika, wakaulizana, mwisho wakasema mwalimu amejishusha mwenyewe, sisi tutafanyaje. Ng'ombe wakatoka zizini kwa Ndaki. Katikati ya hapo ng'ombe mmoja alikuwa amezaa, na mnatujua tulivyo: ndama yule alijadiliwa siku nyingi kuliko alivyojadiliwa binti. Naye mwishowe akaenda na mama yake. Jumamosi ile Melania alikuwa darasani anafanya zoezi la kemia.

Hilo la ng'ombe likawa limekwisha. La mwalimu likaanza.

Aliitwa wilayani. Aliulizwa kwa nini ametangaza kwamba shule ya serikali imewapotosha wazazi. Akajibu, kwa sababu imewapotosha. Akaulizwa kama hakuona njia nyingine ya kulimaliza. Akasema aliiona. Sitamlaumu mtu hapa redioni; ofisi zina taratibu zake, na yeye mwenyewe hakulalamika. Kabla muhula haujaisha alivuliwa ukuu, akahamishiwa Masumbwe kuwa mwalimu wa kawaida wa Kiswahili. Mkuu mpya wa Mwalukobe hakuwa mtu wa mitandao. Blogu ikanyamaza. Ukiitafuta leo utaikuta, maandishi ya mwisho ni hayo niliyowasomea, na chini yake maoni ya wazazi wakiuliza Madamu yuko wapi.

Narudia, wasikilizaji wapendwa, ili lieleweke. Alikuwa mkuu wa shule. Aliandika kwamba kosa ni lake. Akapoteza ukuu, na hakurudishiwa mpaka alipostaafu.

Nilimuuliza Mzee Stanslaus kama liliuma. Akasema, "Alilia siku ile ya barua ya uhamisho. Kesho yake akauliza kama Masumbwe kuna maji ya bomba. Hayakuwepo. Tukahama hivyohivyo." Masumbwe alifundisha miaka yote iliyobaki. Alikuwa mkali wa insha. Alilima viazi nyuma ya nyumba ya shule, akauza, akanunua miwani mpya. Wenzake wapya walipomuuliza kwa nini aliacha ukuu, alisema ulimchosha, akabadilisha mazungumzo. Mtu asiyemjua angeamini.

Melania alimaliza kidato cha nne, akaenda chuo cha afya, na leo ni tabibu kwenye zahanati moja huko Mbogwe. Ameolewa, kwa wakati wake, na mtu wake. Ni yeye aliyekuwa akimpima mwalimu sukari miaka ya mwisho. Kila Jumapili baada ya misa alipita, anapima, anagomba kuhusu chai ya sukari, anaondoka. Mwalimu alikuwa analificha bakuli la sukari akisikia pikipiki.

Sasa niwapeleke msibani, wiki iliyopita.

Watu walikuwa wengi. Waliofundishwa naye walikuwepo, walimu walikuwepo, na wachimbaji walikuja kwa lori kutoka Mwakitolyo na buti zao. Padre alipomaliza, mshereheshaji akauliza kama kuna mwenye neno. Mwigulu akasimama. Amezeeka, kifua kimeharibika kwa vumbi, anapumzika kila baada ya maneno machache. Nilikuwepo na kinasa sauti changu, na kwa idhini yake nawaletea aliyoyasema.

"Mimi sijui kusoma. Lakini ile habari ya mwalimu naijua kwa moyo, nilisomewa mpaka nikaishika. Inasema, baba yake hana kosa, alidanganywa na picha. Wananzengo, mimi sikudanganywa."

Alipumzika, akaendelea.

"Picha ilipofika, binti yangu alikuwa amekwishanipigia. Alipewa simu na matroni akaniambia, baba, nimekuwa wa kwanza, nimepewa beseni na kitenge. Nilijua. Wazee walipopiga simu na kusema shule imemwaga, nikanyamaza. Ng'ombe walikuwa wazuri. Nikasema moyoni, kama picha inasema hivyo, mimi ni nani nibishane nayo. Na mwalimu alipokuja kwenye kamba alinitazama, akajua. Wenzangu wote walikuwa wanasikiliza. Angesema neno moja pale nisingekuwa mtu tena. Hakulisema. Akanipa mkono, akasema ataandika hivyohivyo nilivyosema. Akaenda akaandika. Wakamnyang'anya kazi yake, nikasikia, nikanyamaza tena. Miaka yote hii sikumwambia wabeja. Leo nasema, naye hasikii."

Melania alikuwa amesimama karibu na kaburi. Yeye ndiye aliyepiga simu ile, na kwa miaka yote hiyo hakuwa amemwambia mtu, hata mume wake. Alikwenda akamshika baba yake mkono, wakasogea pamoja, wakatupa udongo.

Mzee Stanslaus alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbele. Nilimuuliza baadaye kama alikuwa anajua. Akakoroga chai yake. "Aliniambia siku ileile aliporudi. Nikamwambia, basi mtaje. Akasema, nikimtaja, ndugu zake wote wataaibika naye. Melania atarudi likizo kwa nani?"

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya redio yenu nampa pole Mzee Stanslaus, pole Cornel na familia yake, pole walimu na wanafunzi wa Masumbwe na Mwalukobe, pole wote mliosomewa maneno yake kwenye karasha. Mungu ampokee, ampumzishe. Na wewe unayenisikiliza, popote ulipo, huenda yupo mtu aliyechukua kosa lako akaandika jina lake juu yake, nawe ukaendelea na maisha. Mtafute leo. Mwambie umejua. Kama namba yake imebadilika, uliza watu, atapatikana.